Majina mawili, anwani moja: kompaila inavyoamua, na namna ya kuikamata inapokosea

Kijana anauza dukani kwa mjomba wake. Asubuhi amefungua daftari la madeni na kuona kwamba Bi Zuwena anadaiwa shilingi 12,000. Tarakimu hiyo ameiweka kichwani, maana daftari liko chini ya magunia na kulitoa kila saa ni adha. Saa sita anakuja mtoto: "Mama Asha kasema umuandikie mchele kilo mbili." Anaandika. Jioni Bi Zuwena mwenyewe anapita na kuuliza deni lake limefika wapi. Kijana ajibu kwa ile tarakimu ya kichwani, au alitoe daftari tena?

Inategemea kama Bi Zuwena ndiye huyohuyo Mama Asha. Kijana akijua kwa hakika kwamba ni watu wawili, ya kichwani inatosha. Akiwa mgeni mtaani na hajui nani ni mama wa nani, hana budi kulitoa daftari. Atachelewa, ila hatamdanganya mteja.

Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wa mwandishi kuwa maagizo ya mashine, inakaa kwenye kiti cha kijana huyu kutwa nzima. Kichwa chake ni rejista za prosesa, chache na za haraka. Daftari ni kumbukumbu, ambayo ni kubwa na ya polepole. Majina ya wateja ni vielekezi, yaani vigezo vinavyobeba anwani ya mahali fulani kwenye kumbukumbu. Swali lenyewe, je, vielekezi hivi viwili vinaweza kugusa mahali pamoja, ndilo linaloitwa uchambuzi wa lakabu. Lakabu ni jina la pili la kitu kilekile. Vijana wa muziki wangesema a.k.a.

Tazama funkisheni hii ya lugha ya C:

void ongeza(int *a, const int *k, int n) {
    for (int i = 0; i < n; i++)
        a[i] += *k;
}

Kila namba katika safu ya a inaongezewa thamani iliyoko kwenye k. Mtu yeyote angetamani k isomwe mara moja kabla ya kitanzi, yaani mistari inayorudiwarudiwa, kuanza, iwekwe kwenye rejista, basi. Lakini chukua safu yenye 2, 5 na 7, kisha iite hivi: ongeza(a, &a[0], 3). Sasa k inaelekeza kwenye namba ya kwanza ya safu ileile. Mzunguko wa kwanza unaigeuza 2 kuwa 4, na kuanzia hapo k inasomeka 4. Matokeo sahihi ni 4, 9, 11. Kompaila ikijifanya mjanja na kuisoma k mara moja tu, utapata 4, 7, 9. Programu haitaanguka wala kulalamika. Itatoa hesabu isiyo sahihi kwa uso mkavu.

Wengi hudhani neno const litaisaidia kompaila hapo. Halisaidii. Linasema tu kwamba hutaandika kupitia k. Halizuii mwingine kuandika mahali hapohapo kupitia a. Neno linalosaidia ni restrict, lililoingia C kwa sanifu ya mwaka 1999. Hilo ni kiapo cha mwandishi wa programu kwamba kinachoguswa kupitia kielekezi hiki hakitabadilishwa kupitia njia nyingine. Fortran haikuhitaji kiapo. Sheria zake zinakataza tangu awali hoja mbili, yaani thamani mbili zinazopitishwa kwenye utaratibu mmoja, kugongana ikiwa mojawapo inaandikwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya wanafizikia kuing'ang'ania hadi leo.

Tuingie ndani ya LLVM, mfumo wa kujengea kompaila ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000 na ambao leo uko nyuma ya Clang, ambayo ni kompaila ya C, na lugha za Rust, Swift na nyingine. Humo, swali la vielekezi viwili lina majibu manne. NoAlias ni "hapana, havigusani kamwe". MustAlias ni "ndiyo, vinaanzia mahali pamoja". PartialAlias maana yake vinapishana kwa sehemu, mathalani kimoja kinashika baiti ya 0 hadi ya 3 na kingine ya 2 hadi ya 5. La nne ni MayAlias: "labda".

"Labda" ndilo jibu la heshima kwa asiyejua, na halina dhambi. Uchambuzi unaojibu "labda" kwa kila swali ni sahihi kabisa, ila hauna faida. Karibu kasi yote inatokana na "hapana". Ukipata "hapana", unaweza kutoa usomaji nje ya kitanzi, kufuta maandiko (maagizo ya kuandika kwenye kumbukumbu) yasiyosomwa baadaye, kubadilisha mpangilio wa maagizo, au kufanya hesabu nane kwa mpigo mmoja wa vekta. Lakini "hapana" moja ya uongo inaharibu programu nzima. Kazi yote ya fani hii ni kukusanya "hapana" nyingi kadiri inavyowezekana bila kusema hata moja ya uongo.

Na hakuna atakayezikusanya zote. William Landi alionyesha mwaka 1992, na G. Ramalingam akakazia mwaka 1994, kwamba hakuna algorithimu inayoweza kujibu swali hili kwa usahihi kamili kwa kila programu. Kwa hiyo kila kompaila hubahatisha kwa upande wa usalama, na tofauti kati yao ni kiasi cha jasho walichokubali kutoa.

LLVM haina mchambuzi mmoja. Ina baraza. Swali likiletwa, hupitishwa kwa mjumbe mmoja baada ya mwingine, na wa kwanza kutoa jibu lisilo "labda" anakifunga kikao. Anayeanza ni BasicAA, mzee mwenye akili ya kawaida. Anajua kwamba vigezo viwili tofauti vya ndani ya funkisheni havikai mahali pamoja. Anajua a[0] na a[1] hazigusani, kwa kupiga hesabu ya umbali na ukubwa. Anajua pia kwamba ikiwa kigezo cha ndani hakijawahi kutoa anwani yake nje, kielekezi kilichokuja kama hoja kutoka kwa mwitaji hakiwezi kukifikia. Wanaofuata wana utaalamu wao: ScopedNoAliasAA anasoma viapo vya aina ya restrict, TypeBasedAA anatazama aina za data, na GlobalsAA anafuatilia vigezo vya programu nzima ambavyo anwani zake hazijavuja.

Nje ya baraza hili kuna shule mbili za zamani zinazochambua programu kwa mapana zaidi. Lars Ole Andersen, katika tasnifu yake ya Copenhagen ya mwaka 1994, alisema hivi: ukiona p = q, basi kila kitu kinachoweza kuelekezwa na q kiingizwe kwenye orodha ya p. Ni makini, lakini gharama yake inaweza kukua kwa mchemraba wa ukubwa wa programu. Bjarne Steensgaard akaja mwaka 1996 na mkato. Ukiona p = q, ziunganishe orodha zote mbili ziwe moja, usihangaike tena kuzitenganisha. Gharama inakuwa karibu sawia na urefu wa programu, ila majibu yake ni butu. Kwa kijana wetu wa dukani, Steensgaard ni yule anayesikia kwamba Mama Asha aliwahi kumlipia Bi Zuwena deni, basi akagundisha kurasa zao mbili pamoja milele. GCC, kompaila nyingine ya C, ina mchambuzi wa mtindo wa Andersen. LLVM iliwahi kubeba jaribio la kila shule, kisha ikayaondoa yote mawili kwa kukosa matunzo. Nadhani hilo linasema mengi: uchambuzi usiotumiwa kila siku huoza kimyakimya, na ukioza hutoa "hapana" za uongo.

Mjumbe aliyezua ugomvi mkubwa kuliko wote ni yule wa aina za data. Sanifu ya C inasema, kwa ufupi, kwamba kilichohifadhiwa kama int (namba kamili) kisisomwe kupitia kielekezi cha float (namba ya desimali). Kompaila ikakichukua kifungu hicho kama ushahidi: hiki ni int, kile ni float, basi hapana, havigusani. Fikiria funkisheni iliyo katika faili lake peke yake:

int jaribu(int *p, float *q) {
    *p = 1;
    *q = 2.0f;
    return *p;
}

Mwitaji akipitisha anwani moja kwa hoja zote mbili, kwa kulazimisha aina, bila uboreshaji utapata 1073741824, kwa sababu ndivyo baiti za 2.0 zinavyosomeka zikichukuliwa kama namba kamili. Kwa -O2, swichi ya kuwasha uboreshaji, utapata 1. Vituko haviishii hapo. Funkisheni hiyo ikihamishiwa kwenye faili la mwitaji, Clang inaweza kuupachika mwili wake palepale inapoitwa. BasicAA anaona kwamba anwani ni moja, anajibu "ndiyo" kabla mjumbe wa aina hajafungua mdomo, na 1073741824 inarudi. Msimbo uleule na swichi zilezile, jibu tofauti kwa sababu umehamisha mistari kutoka faili moja kwenda jingine. Hitilafu za namna hii ndizo zinazowafanya watu wazima waamini kuna mkono wa mtu.

GCC 2.95 ilipotoka mwaka 1999 ikiwa imewasha kanuni hii yenyewe kwenye -O2, programu nyingi zilizokuwa zikiishi kwa ujanja wa kulazimisha vielekezi zilivunjika, na toleo la 2.95.2 likaizima tena kwa muda. Kiini cha Linux mpaka leo hujengwa kwa -fno-strict-aliasing, yaani mjumbe huyo ameambiwa abaki nyumbani. Clang inapojifanya kompaila ya Microsoft kwenye Windows nayo humzima. Ukitaka kusoma baiti za float kama int kihalali, tumia memcpy, funkisheni ya kunakili baiti. Kompaila huifuta na kuacha agizo moja la mashine. Kielekezi cha char kina ruhusa ya kugusa chochote, na ruhusa hiyo ina bei yake: vitanzi vya kuchakata picha, ambako kila kitu ni baiti, hupata "labda" nyingi kuliko vingine.

Sasa zana. Matatizo ni ya aina mbili, na yanahitaji zana tofauti.

La kwanza ni programu kuwa polepole kwa sababu ya "labda" fulani iliyojificha. Hapo njia rahisi ni kuiuliza kompaila yenyewe. Clang ukiipa -Rpass-missed=licm kwa ile funkisheni ya ongeza, itakuonyesha mstari na kukuambia kwamba imeshindwa kutoa usomaji nje ya kitanzi kwa kuwa kitanzi chenyewe kinaweza kubadilisha thamani hiyo. Ukitumia -Rpass-missed=gvn, itakwenda mbali zaidi na kutaja ni andiko lipi linaloshukiwa kufuta thamani. Kuna pia MemorySSA, ramani inayochorwa juu ya msimbo wa kati, yaani umbo la programu kabla halijawa maagizo ya mashine. Kila andiko linapewa namba, na kila usomaji unatajiwa namba ya andiko la karibu linaloweza kuuathiri. Ukiichapisha kwa opt, chombo cha LLVM cha kuendesha hatua za uboreshaji, kwa kuandika opt -passes='print<memoryssa>', unaweza kufuata kwa kidole: usomaji huu unategemea andiko la 3, na andiko la 3 ni la kielekezi ambacho mimi najua hakihusiki. Umempata mchawi. Weka restrict, au nakili thamani kwenye kigezo cha ndani kabla ya kitanzi. Mimi huanza na hilo la pili, kwa sababu kigezo cha ndani hakina kiapo kinachoweza kuvunjwa na mtu atakayehariri msimbo mwaka ujao.

Kuna chombo kingine, aa-eval, ambacho hulihoji baraza kuhusu kila jozi ya vielekezi katika funkisheni na kuchapisha jibu la kila moja pamoja na asilimia mwishoni. Vielekezi 100 hutoa jozi 4,950, kwa hiyo jiandae kusoma. Ni kizuri kwa swali mahususi kuhusu jozi moja. Asilimia zake nisingezitegemea: zinahesabu jozi zote sawasawa, wakati kompaila hujali chache tu, zile zilizo ndani ya vitanzi vinavyozunguka mara nyingi. Mchambuzi anaweza kupandisha asilimia ya "hapana" kwa pointi 10 na programu isiongeze kasi hata kidogo.

Tatizo la pili ni baya zaidi: programu inatoa jibu baya ukiwasha uboreshaji, na jibu jema ukiuzima. Kwanza usiilaumu kompaila. Mara nyingi kosa ni letu. Jaribu -fno-strict-aliasing, ugonjwa ukipona, kuna mahali umevunja kanuni ya aina. Kuanzia LLVM 20 ya mwaka 2025 kuna -fsanitize=type, ambayo huweka walinzi ndani ya programu na kukutajia mstari ambapo kumbukumbu iliyoandikwa kwa aina moja imesomwa kwa nyingine. AddressSanitizer, mlinzi wa mipaka ya kumbukumbu, nayo iendeshwe, maana kusoma nje ya mipaka ya safu kunafanana sana na kosa la lakabu.

Kishawishi cha kutia printf, agizo la kuchapisha, katikati ukipinge. Nimewahi kufanya hivyo, kosa likatoweka, nikaondoa printf, likarudi. Ukichapisha kielekezi, anwani yake imetoka nje, na BasicAA hawezi tena kuapa kwamba hakuna mwingine anayeifahamu. Anarudi kwenye "labda", na kosa linalala.

Ukisharidhika kwamba msimbo wako ni safi, ndipo unaigeukia kompaila. Swichi ya -mllvm -opt-bisect-limit=N inaruhusu hatua N za kwanza za uboreshaji na kuziruka zinazofuata. Ugawe katikati kila mara: kwa hatua 20,000, majaribio 15 yanatosha kukufikisha kwenye hatua moja ambayo kabla yake jibu ni jema na baada yake ni baya. Furaha hiyo ya kumkamata mtuhumiwa ifurahie kwa tahadhari. Wachambuzi hawahesabiwi katika namba hizo. Zinazohesabiwa ni hatua zinazobadilisha msimbo. Uliyemkuta na ngozi ya mbuzi mkononi ni yule aliyelitumia jibu. Aliyesema "hapana" ya uongo yuko nyuma yake, na huenda alidanganywa na alama iliyowekwa hatua 200 kabla. Kumtafuta huyo, mpunguze mjumbe mmoja mmoja barazani. Katika opt, -aa-pipeline=basic-aa inamwacha mzee peke yake; kisha rudisha wengine kwa zamu. Kabla ya yote, punguza msimbo kwa llvm-reduce au C-Reduce ya Chuo Kikuu cha Utah, zinazokata faili la maelfu ya mistari mpaka libaki na ile michache inayotosha kuonyesha ugonjwa. Na ukitaka uthibitisho wa kihisabati kwamba hatua fulani imegeuza maana ya msimbo, Alive2 hulinganisha msimbo wa kabla na wa baada, na ikiona tofauti hukupa thamani zinazoionyesha.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Rust. Lugha hiyo inahakikisha yenyewe kwamba rejeo la kuandikia la &mut halina mshirika wakati linatumika. Kwa hiyo inaweza kubandika alama ya noalias, kiapo cha LLVM kinachofanana na restrict, karibu kwenye kila funkisheni, jambo ambalo waandishi wa C hulifanya kwa nadra, maana restrict ni neno ambalo wengi hulisoma kitabuni na kulisahau. Rust ilipoanza kuibandika, ilitembeza LLVM kwenye vichochoro visivyopitwa na mtu, na makosa yakaanza kujitokeza. Alama ikazimwa, ikawashwa, ikazimwa tena.

Kosa la mwaka 2018 lilikuwa la kitanzi. Funkisheni ndogo yenye viapo ilikuwa ikiitwa ndani ya kitanzi. Kompaila ikaupachika mwili wake humo na kugeuza viapo kuwa alama: x na y za mwito huu hazigusani. Mpaka hapo ni kweli. Kisha kitanzi kikakunjuliwa, yaani mwili wake ukanakiliwa mara mbili ili kupunguza mizunguko, na alama zikanakiliwa vilevile bila kupewa majina mapya. Sasa x ya nakala ya kwanza ikalinganishwa na y ya nakala ya pili, baraza likaona alama za kiapo kimoja, likajibu "hapana". Kumbe katika mzunguko wa pili y ilikuwa imesogea hadi pale x ilipokuwa awali. Kiapo cha leo kilitumika kama kiapo cha maisha.

Watu waliandika umbo lilelile kwa C, kwa kutumia restrict, na Clang ikakosea. GCC pia ilikosea. Kosa lilikuwa limelala humo kabla Rust haijaligusa. LLVM 12 ikaleta agizo maalumu linalotangaza mahali kiapo kinapoanzia, ili kitanzi kikikunjuliwa kila nakala ipate kiapo chake. Rust 1.54, iliyotoka Julai 2021, ikaiwasha alama tena.